Sauti ya Mama Shingo Ndefu

Kabla ya kutoa sauti ya mama, Mtafsiri alimeza mate kwanza, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulimeza pamoja naye. Mwaka ule wa mwisho ilikuwa hivyo. Hatukuangalia sana skrini. Tuliangalia shingo yake, pale penye uvimbe uliokuwa kama punje ya karanga, halafu ukawa kama karanga na ganda lake, tukajiuliza kama sauti itapita au itakwama.

Alitafsiri sinema katika kibanda umiza cha Buhare, Musoma, kile kilichoegemea ukuta wa nyumba yetu. Kwa asiyekijua, ni chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na mtu mwenye maiki anayesema kwa Kiswahili yale wanayosema wenyewe kwa Kiingereza. Mtu huyo alikuwa yeye. Sijui alizaliwa wapi, sikuwahi kumuuliza. Wakubwa walimwita mzee, watoto walimwita Mtafsiri, na mkewe, aliyekaanga maandazi mlangoni, alimwita baba.

Daktari alimwambia wazi, na mkewe akatuambia majirani. Uvimbe umekaa kwenye koo la sauti. Waende Mwanza akatwe, abaki mzima lakini bila sauti. Au aache, abaki na sauti yake kwa muda, halafu uvimbe umkabe. Njia ya tatu hakuna.

"Sasa unachagua nini, baba?" mkewe alimuuliza mbele yetu.

"Nachagua kunywa chai kwanza."

Mambo mazito aliyajibu namna hiyo. Ukimwambia mvua imeezua bati, atakuambia basi leo tutaona nyota bila kiingilio. Lakini ukimwambia watoto wawili wamesinzia katikati ya sinema, hali chakula siku hiyo.

Sinema yake hasa ilikuwa moja. Alionyesha nyingi, za ngumi, za mapenzi, za majini, lakini iliyojaza kibanda mpaka watu wakachungulia kwenye matobo ya misumari ni ile ya dainosa, ya kuchorwa kwa kompyuta, ya watoto na wazazi wao. Mtoto wa dainosa mwenye shingo ndefu anapotezana na mama yake kwenye mafuriko. Mama anabaki ng'ambo hii ya mto, mtoto ng'ambo ile. Wanatembea hivyo, kila mtu upande wake, wakionana lakini hawagusani, na nyuma ya mtoto kuna mnyama mla nyama anayemfuata polepole. Ni hayo tu. Lakini nimeona wavuvi wazima, watu waliopinduliwa na mawimbi wakarudi kutega nyavu kesho yake, wanashika vichwa wakati yule mtoto anakanyaga jiwe lenye utelezi.

Mla nyama yule Mtafsiri alimwita Meno. Mtu mwingine angemfanya angurume. Yeye alimfanya awe na adabu kama mtu wa ofisini. Meno alikuwa anatokea kwenye majani, mate yanamdondoka, halafu anasema taratibu kabisa, "Samahani, mdogo wangu, una dakika mbili? Nilikuwa na ishu ndogo." Watoto walipiga mayowe kuliko kama wangesikia mngurumo. Nilimuuliza siku moja kwa nini; mimi si mtu wa kuuliza, lakini hilo lilinisumbua.

"Anayengurumaga unamkimbia," alisema. "Anayekuombaga dakika mbili ndiye anakulaga."

Wanyama wote aliwapa usemaji wa watu tunaowajua. Yule mwenye pembe tatu alisema maneno machache ya ukali kama mzee wa kikao aliyechoka na kikao. Wale wadogo wanaotembea kwa makundi waliongea wote kwa pamoja kama akina mama wanaogombania dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mama Shingo Ndefu aliongea kama mama wa peninsula, wale wa vijiji vya ziwani, anayemwita mtoto kutoka mbali bila kuinuka kwenye kigoda.

Sauti ya mama huyo ndiyo iliyokuja kumuumiza, na ilitokana na kosa. Siku ya kwanza alipoitafsiri hakuwa ameitazama sinema mpaka mwisho. Aliona mnyama mkubwa kama kilima, akamwita baba, akampa sauti nzito inayotoka chini ya kitovu. Nusu saa nzima alikuwa baba. Halafu yule baba akachuchumaa akataga mayai.

Kibanda kizima kilimgeukia Mtafsiri. Kisha tukasikia kwenye spika: "Ndugu watazamaji, samahanini. Alikuwa mama."

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Wiki iliyofuata alijaribu kumpa sauti nyembamba, ya kike. Watoto walikataa. "Huyo siyo mama! Mama wetu yuko wapi?" Ikabidi arudishe ile nzito, na kuanzia hapo akawa anatangaza mwanzoni, "Mama wa leo ana sauti nzito. Kwetu wapo, msicheke." Ile sauti ilihitaji koo lote na kifua chote. Aliitoa miaka mingi. Sisemi kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa, daktari hakusema hivyo. Ila mkewe aliamini hivyo, na hakuwa akimpenda yule mnyama hata kidogo.

Nyumbani hakuwa msemaji. Watu walidhani anaishi kwa makelele, lakini mimi ukuta mmoja tu ulinitenga naye, na mara nyingi zaidi nilisikia kijiko kwenye kikombe kuliko neno. Mkewe aliongea kwa ajili ya wote wawili. "Baba, chumvi imetosha? Imetosha. Kesho unaenda Bunda? Unaenda." Alimuuliza na kumjibia. Mtafsiri alikuwa akisema maneno yake yote kibandani, jioni anarudi ameishiwa.

Na alikuwa mwoga. Hili watoto hawakulijua. Mtu aliyeongea kwa kinywa cha Meno aliogopa kenge. Siku moja kenge alipanda kutoka ziwani, akaingia kibandani kutafuta kivuli, na Mtafsiri akapanda juu ya meza ya televisheni akiwa na maiki mkononi. Mkewe ndiye aliyemtoa yule kenge kwa mwiko wa maandazi.

"Shuka, mwanaume wewe! Ameshaenda."

"Ameenda wapi? Umemwona akiingia majini kabisa?"

"Ameenda kuwaambia wenzake kwamba dainosa wa Buhare wanapandaga meza."

Siku za mnada alifunga televisheni na jenereta kwenye pikipiki akaenda Butiama. Kule waliangalia wafugaji, wazee wenye fimbo, na aliwapenda kwa sababu walijadiliana na sinema kama na mtu. Nilimsindikiza mara moja kushika jenereta isianguke njiani. Mzee mmoja aliangalia kwa makini, akanyosha fimbo.

"Huyu wa shingo, anakamuliwa?"

"Hapana mzee, anataga mayai."

"Ukubwa wote huo anataga?"

"Anataga."

"Basi hana faida. Mwacheni Meno ale."

Mtafsiri hakucheka. Alisimamisha sinema. Alimwambia yule mzee kwamba mama huyu ametembea kandokando ya mto tangu asubuhi, hajala, jicho halijatoka kwa mwanawe, na kama hiyo si faida basi mzee aeleze faida ni nini. Yule mzee alimtazama muda mrefu, nikafikiri fimbo itashuka. Kisha akasema, "Haya, endelea. Asiliwe." Akakaa.

Nyegina pia alialikwa, pale misheni, awaonyeshe watoto wa kipaimara. Sista mmoja alimuuliza kama wanyama hawa walikuwepo kabla ya Adamu. Alijibu, "Sista, mimi natafsiriga, siumbi." Sista alicheka, lakini Mtafsiri alirudi nyumbani na wasiwasi wiki nzima, akiogopa kwamba alimkosea heshima, mpaka akamtuma mkewe apeleke maandazi.

Neno lake kuhusu kazi lilikuwa kwamba mtoto asipoogopa kidogo hajaangalia sinema, ameangalia ukuta. La pili, ambalo lilimgombanisha na vijana wa mjini, ni kwamba sauti ikishaingia kwenye flashi si yako tena. Watafsiri wengine walirekodi, sinema zao zikauzwa mpaka visiwani. Yeye alikataa. Alitafsiri mbele ya watu, kila siku upya, na watu wa siku hiyo walimbadilisha. Kama benchi la mbele kuna mtoto aliyefiwa, Meno alikuwa anachelewa kidogo kuomba dakika zake mbili kwa yule mdogo. Kama kuna walevi, Meno aliwahi.

Kwa hiyo tulishangaa alipomleta kijana wa kurekodi kutoka Bunda.

Ilikuwa wiki ya kwenda Mwanza. Alishakubali. Hakutamka kwamba amekubali, ila alimwambia mkewe afue shati jeupe, na mkewe akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha. Halafu kijana akaja na kompyuta na waya zake, na mkewe akaacha kulia.

"Daktari amesema nini, baba? Amesema usipaze sauti. Koo likichanika damu itaingia kwenye mapafu. Amesema mbele yangu."

"Sitapaza."

"Yule mnyama wako anasemaga kwa kunong'ona?"

"Nitamtoa taratibu. Sinema moja tu, mama. Iwepo."

Walikubaliana hivi, nami nilisikia kwa masikio yangu: mkewe atakaa karibu na mashine, na mumewe akipaza, anamsimamisha. Mtafsiri alisema sawa. Lakini alikuwa na shida moja. Hakuweza kutafsiri mbele ya mabenchi matupu. Alijaribu, maneno hayakuja. Ikabidi tuitwe, majirani na watoto wao, tukae kama siku zote, kwa sharti kwamba mtu asicheke, asikohoe, asipige yowe, maana vyote vitaingia kwenye rekodi.

Sijawahi kukaa kwenye sinema ngumu kama ile. Ilikuwa mchana, bati linachoma. Watoto waliziba midomo kwa mashati. Meno alipoomba dakika mbili, nilimwona msichana mmoja ameuma kanga ya mama yake na machozi yanamtoka, hatoi sauti. Mtafsiri alikwenda vizuri. Mama Shingo Ndefu alimtoa chini chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake, na kila alipomaliza sentensi alifuta mdomo kwa leso na kuikunja haraka. Mkewe aliitazama ile leso, hakuitazama sinema.

Tukafika mtoni. Mwisho wa sinema mtoto amebanwa, Meno yuko nyuma yake, maji yapo mbele, na mama ng'ambo ya pili lazima amwambie avuke. Pale ndipo kibanda kilikuwa kinatetemeka siku zote. Nilimwona Mtafsiri ameweka mkono mmoja kwenye shingo. Nilimwona anavuta pumzi, bega linapanda, kifua kinajaa, na nilijua hatamtoa mama taratibu. Sidhani kama yeye mwenyewe aliamua. Mtoto alikuwa anakufa pale mbele ya macho yake.

Alifungua mdomo, na mkewe akachomoa waya wa maiki.

Spika ikafa. Televisheni iliendelea, Kiingereza kikitoka kidogo kidogo. Mtafsiri alikuwa tayari ameanza, na kwa muda wa maneno mawili hivi tulisikia sauti yake bila spika. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa kama ya mtu anayeomba maji kitandani. Miezi yote ile spika ilikuwa ikituficha hilo. Naye aliisikia, kwa sababu alinyamaza akaitazama maiki, kisha akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye mkono wa mkewe.

"Tulikubaliana, baba," mkewe alisema.

Kijana wa Bunda aliuliza kama warudie. Mtafsiri aliiweka maiki mezani taratibu, akatoka nje akipita katikati yetu, na watoto wakavuta miguu kumpisha.

Siku zilizobaki kabla ya Mwanza alikuwa na sauti bado. Alimsalimia baba yangu asubuhi. Aliwafukuza kuku. Alimwuliza mwenye duka bei ya sabuni. Mkewe tu ndiye hakupata hata neno moja kwake. Nilikuwa naisikia ile nyumba kupitia ukutani, na sitamani kusikia kitu kama kile tena. "Baba, chai hiyo." Kimya. "Baba, shati limekauka, nimelinyosha." Kimya. Alimuuliza na safari hii hakujijibia. Alisubiri. Nilikuwa nasubiri naye upande wangu, nimesimama na ndoo mkononi, nikisema moyoni sema, mzee, sema tu, itakwisha.

Siku ya safari tuliwasindikiza stendi. Aliagana na sisi mmoja mmoja kwa jina. Kwangu alisema, "Wewe huongeagi, utafika mbali," na watu wakacheka kidogo. Mkewe alisimama kando na begi. Konda alipogonga bati, mama yule alimshika mumewe mkono wa shati.

"Neno moja, baba. Hata kunitukana. Ukirudi hutaweza."

Mtafsiri alimtazama. Nilidhani atasema, hata midomo ilicheza. Kisha akapanda basi, na mkewe akapanda nyuma yake na begi.

Hawakurudi Buhare. Tulisikia operesheni ilikwenda vizuri, kwamba ana tundu shingoni la kupumulia, na kwamba wamehamia upande wa ndugu za mke. Kibanda kiligeuzwa stoo ya mkaa. Ile sinema ya dainosa, ilivyokuwa, bila mwisho, yule kijana wa Bunda aliiuza, na ikazunguka kando yote ya ziwa.

Niliwaona mwaka jana, Kisorya. Nilikuwa nimetoka Ukerewe kumsalimia shangazi, nimeshuka kwenye kivuko mchana, nikaingia mgahawani kula. Kabla sijakaa nilimsikia Mama Shingo Ndefu. Kulikuwa na televisheni juu ya friji, na wavuvi, na vijana wa bodaboda, wote wanaangalia. Chini yake, meza ya ukutani, alikaa yeye mwenyewe na mkewe, sahani moja ya sato katikati. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe shingoni. Amenenepa.

"Shikamoo, mzee."

Aliinua mkono, akaniwekea kichwani.

"Marahaba, anasema," alisema mkewe. "Kaa. Umekua wewe. Huongei bado?"

Nilikaa. Sikujua niangalie wapi. Sauti yake ilikuwa juu yetu inamsihi mtoto asikanyage jiwe lile, naye alikuwa anatoa miiba kwenye samaki na kuisogeza pembeni ya sahani, minofu akiiweka upande wa mkewe. Hawakuwa wakitazamana. Sikuweza kujua kama wameshapatana au wamezoea tu.

Ikafika mtoni. Mama akafungua kinywa, na Kiswahili kikakatika. Kikaja Kiingereza.

"Aah!" mgahawa mzima.

"Hapa ndipo alipokufa huyo jamaa," alisema kijana mmoja wa bodaboda, akinieleza mimi mgeni. "Alikuwa anatafsiri, akadondoka hapo hapo na maiki mkononi. Mtu wa Musoma."

"Mimi huwa nazima hapa," alisema mama wa mgahawa, akinyosha mkono kwenye friji. "Kuendelea ni kumsumbua marehemu."

"Hakufa," alisema mke wa Mtafsiri. Hakuinua uso. "Mke wake alichomoa waya."

Wakageuka.

"Mke gani huyo?" mvuvi mmoja alisema. "Sinema imefika mtoni anachomoa waya? Huyo angekuwa wangu ningemrudisha kwao siku hiyo hiyo."

Mama yule alikaza macho kwenye sahani. Nilimwona anameza. Ndipo Mtafsiri alipopiga meza kwa kiganja, mara moja, vikombe vikaruka. Aligusa kitambaa cha shingoni mwake, akajionyesha kifuani, akanyosha kidole juu kwenye televisheni. Kisha akamgusa mkewe begani, akaacha mkono palepale, akawatazama wote pale ndani kana kwamba anawaambia, huyu.

Ilichukua muda wakaelewa. Yule mvuvi alivua kofia.

"Mzee, shikamoo. Mama, nisamehe. Ni mdomo tu." Halafu, kwa sababu watu ni watu, akauliza, "Lakini mama, ulikuwepo. Pale alikuwa anasemaje kwa mtoto?"

Mkewe alimtazama mumewe. Mtafsiri aliinamisha kichwa, ndiyo. Mama wa mgahawa akarudisha nyuma kidogo. Mtoto akabanwa tena, Meno nyuma, maji mbele.

"Vuka, mwanangu," alisema mkewe, kwa sauti yake ya kuuzia maandazi.

Mtafsiri alishusha kiganja kuelekea sakafuni. Chini zaidi.

"Vuka, mwanangu."

Akashusha tena, uso umekunjamana.

"Chini wapi tena? Si basi sema wewe!"

Kijana wa bodaboda aliacha kutafuna. Kisha mabega ya Mtafsiri yakaanza kutikisika, kitambaa kikapepea shingoni kwa pumzi, machozi yakamtoka, na tukaona kwamba anacheka. Mkewe naye akacheka, akajifuta kwa kanga, akamwambia mama wa mgahawa arudishe tena. Akaweka mkono kifuani. Safari hii alivuta pumzi kutoka chini kabisa.

"Vuka, mwanangu. Ukizama nitakuchapa."

Yule mdogo akaingia majini.